Mama Hakuwa Akitapika

Kwa miaka miwili na ushee nilimsemea mama yangu kwa madaktari, na muda wote huo nilikuwa nasema neno ambalo yeye hakulisema. Sikukusudia kudanganya. Nilidhani ninamsaidia.

Mama ni Mmakonde wa pwani, wa kijiji kilicho karibu na pale Ruvuma unapomwagika baharini. Ni mkulima wa mpunga. Shamba lake liko bondeni, mahali ambapo viboko hupanda kutoka mtoni wakala jasho la watu, na mama amewahi kuwafukuza kwa kupiga debe mpaka mkono ukavimba. Kiswahili anakijua. Anakitumia sokoni na kwenye darsa za akina mama, lakini mbele ya mtu mwenye meza na kalamu kinampotea. Anarudi kwenye Kimakonde, tena kwa sauti ya chini. Ndiyo maana mimi, binti yake wa kwanza, nikawa mdomo wake.

Mimi nakaa Magomeni, Mtwara mjini, na ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha bandarini. Msimu wa korosho, malori yakipanga foleni mpaka nje ya geti, kazi yangu ni kujaza hati za mizigo bila kukosea. Herufi moja ikienda kombo, kontena halitoki. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, na nilijiona mtu ninayejua kuandika jambo kama lilivyo.

Mama alianza kuumwa baada ya mavuno. Mama mdogo, anayekaa naye nyumba ya pili kule kijijini, ndiye aliyenipigia simu. "Dada chakula hakikai," alisema. "Anakula, kinarudi." Nilikwenda Jumamosi yake nikamkuta mama amekonda, mifupa ya mabega imejichora chini ya kanga. Nikamwuliza anajisikiaje. Akanieleza kwa Kimakonde kwamba akimeza chakula kinasimama hapa, akaweka kidole kwenye chembe cha moyo, kisha baada ya muda kinapanda kurudi. Sikuuliza zaidi. Nilimfungia nguo zake mbili tatu, tukapanda bodaboda mpaka barabarani, tukapata Hiace ya kwenda mjini.

Kwa daktari wa kwanza nikasema, "Mama anatapika kila akila."

Daktari akaandika: anatapika.

Kuanzia hapo kila aliyefungua daftari la mama alilikuta neno hilo juu kabisa, na kila mmoja aliendelea kutokea pale. Walimpima malaria, hana. Wakamtibu taifodi. Wakampa dawa za minyoo. Mwingine alipomwona anashika chembe cha moyo alisema hivyo ni vidonda vya tumbo, akampa vidonge vya kupunguza asidi vya mwezi mzima, na vilipokwisha akaongezewa. Sitaki kuwasema vibaya. Waliuliza maswali yaliyofaa kwa mtu anayetapika. Anatapika mara ngapi? Yana damu? Yana nyongo? Ana kichefuchefu?

"Kichefuchefu anacho?" aliuliza mmoja wao.

"Anacho," nikajibu.

Sikumgeukia mama kumwuliza. Niliona ni swali la kupoteza muda, kwani ni nani anayetapika bila kichefuchefu?

Mama alikaa kwangu miezi kadhaa, akarudi kijijini kulima, akaja tena akiwa mwepesi zaidi. Dawa hazikumsaidia, lakini alizimeza zote kwa wakati wake, kwa heshima tu ya waliompa. Hakulalamika. Alifua, alichambua mchele, aliwafundisha wanangu kusoma Kurani. Ila kula alikula peke yake. Nilipokuwa nikiandaa mkeka na kuwaita watu, yeye alichukua sahani yake akaenda uani, akasimama karibu na ndoo ya maji. Nilimwona mara nyingi dirishani. Alikuwa akila matonge mawili matatu madogo, anakunywa kikombe kizima cha maji, ananyoosha mgongo, anainua mikono yote miwili juu na kubana pumzi, kama mtu anayejaribu kufikia kitu kwenye dari. Kisha anashusha mikono na kusubiri. Nilifikiri anajinyoosha kwa uchovu. Nilifikiri pia anaona haya kula mbele ya mume wangu, ambaye ni mkwewe, nikamwacha.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona na kuyapita. Asubuhi mto wake ulikuwa umelowa, una chembe za wali wa jana. Alikuwa ameanza kulala ameegemea ukuta, kanga tatu zimekunjwa mgongoni. Ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha ambayo anaipenda kuliko chakula chochote, aliiacha kabisa. Alisema ni mikavu, haipiti. Ramadhani alifunga siku zote bila shida, watu wakamsifu, na baadhi wakaanza kunong'ona kwamba mgonjwa gani huyu anayeweza kufunga.

Mama mdogo aliamua kwamba dada yake amefanyiwa jambo. Alimpeleka kwa mganga ng'ambo ya bonde, na mimi nilipopata habari nilikasirika sana. Mama aliporudi mjini nilimsema. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akasema kwa upole, "Dawa yake haikunisaidia. Lakini aliniuliza ninavyokula, nikamwambia." Niliyaona hayo kuwa maneno ya mtu wa shamba, yakapita.

Mwaka wa tatu ulipoanza, mama alikuwa hawezi tena kuinua ndoo. Hata uji ulikuwa umeanza kukwama. Nikaomba ruhusa kazini, nikachukua kadi ya bima ambayo jina lake limo kama mzazi wangu, nikampeleka hospitali kubwa. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Zamu yetu ilipofika tuliingia kwa daktari mwanamke, mtu wa Bukoba, kijana kiasi kwamba nilimdhania mwanafunzi. Pembeni yake alikuwepo nesi mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba, anapanga mafaili.

Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilitoa daftari zote tatu, vyeti vya vipimo na maboksi ya dawa, nikaanza kueleza kama ninavyoeleza mzigo uliokwama bandarini: ulianza lini, umepita wapi, nani amesaini nini. Daktari alisikiliza. Kisha akamtazama mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, akiangalia chini.

"Leo umekula nini?"

"Hajala," nikasema. "Tangu jana jioni anatapika tu."

Daktari akageuka kwangu. Hakuwa na ukali usoni. "Dada, samahani. Hilo la kutapika ni neno lake au ni lako?"

Nilihisi uso unapata moto. Nikamwambia kwamba mama hajiamini kwa Kiswahili, kwamba mimi ndiye ninayekaa naye, kwamba hata daftari zote zimeandika hivyo hivyo.

"Nimeona," alisema. "Nami kwetu Kiswahili tulijifunza shuleni. Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa akiumwa kwa Kihaya. Ningependa nimsikie mama anavyoumwa kwa lugha yake." Akamgeukia nesi. "Mama, unaweza kunisaidia?"

Nesi aliacha mafaili. Alikuwa Mmakonde wa Newala, wa kule juu, na Kimakonde cha juu na chetu cha pwani havilingani sawasawa. Hakukaa kwenye kiti. Alichuchumaa mbele ya mama, akamshika goti, akamwita "dada yangu", akaanza kwa kumwuliza ametoka kijiji gani na mpunga mwaka huu umekuwaje. Nje foleni ilikuwa imejaa korido nzima. Daktari hakumharakisha. Aliweka mikono mezani na kusubiri kama mtu ambaye siku hiyo hana mgonjwa mwingine.

Polepole mama aliinua kichwa. Akaanza kusema. Alisema mengi kuliko niliyomsikia akisema mahali popote penye dawati. Kuna mahali nesi alimsimamisha, akarudia neno moja kwa matamshi ya kwao, mama akatikisa kichwa na kulitaja tena kwa matamshi yetu, wote wawili wakacheka. Nami nikalisikia lile neno vizuri. Nilikuwa nimelisikia kwa miaka miwili na ushee. Kwetu hutumika kwa mbuzi.

"Daktari," nesi alisema akiwa bado amechuchumaa, "dada yangu huyu hatapiki. Anasema anacheua. Kama mbuzi, au kama mtoto mchanga akishanyonya."

Daktari alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini.

"Mwulize, kabla hakijarudi, moyo unachafuka? Anapata kichefuchefu?"

"Hata siku moja," mama akajibu.

"Kikirudi kina ladha gani?"

"Ile ile kiliyoingia nayo. Wali unarudi wali. Samaki anarudi samaki."

"Si kichachu? Si kichungu?"

Mama alitabasamu kidogo, na nesi naye alitabasamu kabla hajatafsiri. "Anasema amezaa watoto watano, na mimba zote tano zilimtapisha. Kutapika anakujua. Anasema huku siko."

Daktari akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Kwa nini hakuwaambia waliotangulia?"

Nesi aliuliza. Mama alinitupia jicho mara moja, akalirudisha kwenye mikono yake. Alijibu kwa neno moja tu.

"Anasema aliwaambia," nesi alitafsiri.

Sijui kama nimewahi kuona haya namna ile. Lakini daktari hakunipa nafasi ya kujililia. Alikuwa amesimama tayari. "Dada, nenda kantini kaniletee andazi na chupa ya maji. Nataka nimwone anavyokula."

Nilikimbia. Niliporudi walikuwa wamefunga mlango na kumsogezea mama kiti karibu na dirisha. Mama aliposhika lile andazi alinong'ona kitu kwa nesi. Alikuwa anaomba ruhusa ya kusimama. "Ale kama anavyokula nyumbani," daktari alisema.

Basi mama akasimama katikati ya chumba cha daktari akafanya yale niliyokuwa nikiyaona dirishani kwangu kila siku. Alimega kipande kidogo, akatafuna mpaka kikawa uji mdomoni, akameza. Akamega kingine. Kisha akanywa maji mengi, akanyoosha mgongo, akainua mikono juu na kubana pumzi. Daktari alikuwa ameweka kifaa chake cha kusikilizia chini kidogo ya kifua cha mama, ameinamisha kichwa, anatazama saa.

"Nani alimfundisha kuinua mikono?" aliuliza.

"Hakuna," mama alijibu kupitia kwa nesi. "Nilijaribu kukaa, nikajaribu kulala ubavu, nikajaribu kutembea. Nikaona nikisimama na kuinua mikono, kidogo kinapita. Maji ya uvuguvugu yanapitisha zaidi ya maji baridi. Wali wa majimaji unapita, mkate unakwama. Nikiwa na hasira au haraka hakipiti kitu."

Daktari alimtazama nesi, kisha akanitazama mimi. "Umesikia? Haya yote ameyapima mwenyewe uani. Ningepewa vitabu nisome wiki nzima nisingeyapanga vizuri zaidi."

Tukasubiri. Baada ya muda mama alifunika mdomo kwa upande wa kanga. Nesi alimwekea kibeseni. Mama aliinama tu, bila kukaza tumbo, bila ile sauti ya mtu anayetapika, na andazi likateremka kwenye kibeseni na maji yake. Nilikuwa nimeona jambo hilo mara mia na sikuwa nimeliangalia. Daktari alikiinua kibeseni mpaka puani. Akanusa. Nilishtuka kumwona msomi mzima anafanya hivyo, lakini alifanya bila kukunja uso hata kidogo, kisha akaniwekea nami.

"Inanuka nini?"

"Andazi," nikasema. Lilinukia iliki.

"Hakuna tumbo hapa. Chakula hiki hakijafika tumboni kabisa. Tumekuwa tukilitibu tumbo lake miaka yote hii, na tumbo halina kosa. Kosa liko njiani."

Alituchorea kwenye nyuma ya karatasi. Koo, halafu njia ndefu ya kuteremshia chakula ambayo aliita umio, halafu tumbo, na kati ya umio na tumbo mlango mdogo wa msuli. Mtu akimeza, mlango unalegea wenyewe, chakula kinaingia, unafunga. Wa mama, alivyohisi, umesahau kulegea. Chakula kinajaa juu yake kama watu kwenye geti lisilofunguliwa. Maji mengi na mikono juu vilikuwa vikisukuma kwa uzito kiasi kidogo kupita. Kilichobaki kinarudi, mchana akiinama au usiku akilala. Alisema pia kwamba ni lazima ahakikishe hakuna uvimbe unaobana pale, maana uvimbe nao unaweza kufanya hivyo hivyo, na hawezi kutuahidi lolote kabla ya vipimo. Alilisema jambo hilo la mwisho polepole, na alimsubiri nesi amalize kulitafsiri lote, kisha akamsubiri mama alielewe.

"Na kama ni uvimbe?" mama aliuliza.

"Nitakwambia siku hiyo hiyo, mama. Sitamwambia binti yako kwanza."

Mama aliitikia kwa kichwa. Naamini hapo ndipo alipompenda.

Wiki hiyo alipigwa picha ya eksirei huku anameza dawa nyeupe nzito kama chokaa. Daktari alituita tuione. Umio ulikuwa umepanuka, mpana kama mkono wa shati, umejaa weupe, na chini kabisa umekwisha ghafla kwa ncha nyembamba kama penseli iliyochongwa. Mama alikaribia ile picha. Akaweka kidole kwenye ncha. Kisha akakitoa na kukiweka kwenye chembe cha moyo, mahali pale pale alipomwonyesha kila daktari tangu mwanzo. Nesi ndiye aliyesema, kwa Kiswahili, kama anaongea peke yake, "Alikuwa anatuonyesha."

Baadaye aliingizwa kipimo cha kamera. Hakukuwa na uvimbe. Daktari alimwambia yeye kwanza, kama alivyoahidi, akiwa ameshika mkono wake na amejifunza kwa nesi maneno mawili ya Kimakonde ya kusema hakuna kitu kibaya. Aliyatamka vibaya sana. Mama alisema Alhamdulillahi, kisha akamsahihisha matamshi.

Jioni ile nyumbani nilimwomba mama radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi na yote yalinitoka. Nilisema tu, "Mama, nilikuwa nasema visivyo." Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

"Wewe ulinipeleka," alisema. "Kila mara ulinipeleka. Ningebaki peke yangu ningekufa kimya na mpunga wangu."

"Lakini ulijua ninakosea. Kwa nini hukunizuia?"

Alifikiri kidogo. "Ulikuwa unasema vizuri," alisema. "Nilikuwa nakusikiliza unavyosema na wale wakubwa, nikajiambia huyu ni mwanangu. Nikasahau kusikiliza unachosema." Akacheka, mimi nikashindwa kucheka.

Upasuaji ulipaswa kufanyika Dar es Salaam. Mama hakuogopa safari. Aliogopa kukatwa na mtu asiyemjua. Tulipokwenda kuchukua rufaa alimwuliza daktari, kupitia kwa nesi, "Wewe ndiye utakayenikata?"

"Hapana, mama. Ni mwenzangu wa kule. Ana mkono mzuri kuliko mimi."

"Anasikiliza?"

Daktari hakulichukulia kama utani. Alivuta karatasi nyingine akaongeza barua juu ya ile fomu ya rufaa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma hati za watu, niliisoma kwenye basi kabla hatujafika Lindi. Aliandika habari za umio na picha na kamera, na chini yake akaandika kwamba mgonjwa huyu anaeleza ugonjwa wake kwa usahihi mkubwa akipewa muda na mtu anayejua Kimakonde, na kwamba historia yote ya juu imetoka kwake mwenyewe. Nilimsomea mama sentensi hiyo. Akaniomba niirudie. Tulipofika Kilwa akaniomba niirudie tena.

Kule Dar daktari wa upasuaji alimtafutia mlinzi wa geti la wodi, mtu wa Nanyamba, aje kukalimani. Wakamweleza mama kwamba watapitisha vifaa kwenye matundu madogo tumboni, watachana kidogo ule msuli uliogoma kulegea, basi. Ndivyo walivyofanya. Siku ya pili yake walimruhusu uji mwepesi. Nilikuwa nimeshika bakuli. Mama alikunywa kijiko kimoja, akashuka kitandani kwa shida na mshono wake, akainua mikono juu akabana pumzi. Alisubiri. Nesi wa pale alitaka kumrudisha kitandani, nikamwomba amwache.

Mama alishusha mikono taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

"Kimeshuka," alisema. "Chenyewe."

Akaketi. Akanywa bakuli lote amekaa, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa karibu miaka mitatu, na mimi nikageukia dirisha mpaka alipomaliza.

Hakupona kabisa kabisa. Daktari alishasema kwamba umio wenyewe hautarudi kuwa na nguvu kama zamani. Mama anakula polepole, anakunywa maji katikati, hali usiku sana, na anapangiwa kurudi kuangaliwa. Lakini mabega yamejaa. Analima. Mama mdogo, ambaye hakukubali haraka kwamba hakukuwa na mkono wa mtu, siku hizi anasimulia habari za mlango wa msuli kwa ufasaha kuliko mimi, na akimsikia jirani anasema anatapika humwuliza kama kinachotoka ni kichachu.

Miezi michache baada ya Dar tulikwenda kwa daktari wetu kwa ajili ya kuangaliwa. Alimkagua mama, akafurahi, kisha akauliza, kwa adabu kama anaomba kitu kikubwa, ikiwa mama angekubali kuzungumza na wanafunzi wa udaktari waliokuwa mafunzoni hospitalini pale. "Nimewaeleza kuhusu andazi," alisema. "Hawaamini. Nataka wamwone mwalimu mwenyewe."

Mama alikubali kwa sharti kwamba yule nesi awepo. Nesi alikuwa amebakiza wiki chache kustaafu. Alikuja amevaa gauni lake jeupe lililopigwa pasi, akaketi karibu naye. Wanafunzi walikuwa kumi hivi, wamesimama ukutani na madaftari. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilijilazimisha kukaa kimya.

Mama alieleza kwa Kimakonde, nesi akatafsiri. Alieleza habari za maji ya uvuguvugu, za wali na mkate, za kanga tatu mgongoni. Aliposimama kuwaonyesha alivyokuwa akiinua mikono, wanafunzi wawili waliacha kuandika wakatazama tu. Daktari aliwauliza, "Nani angeuliza kuhusu ladha?" Hakuna aliyeinua mkono, na hakuwagombeza.

Kisha binti mmoja katika wanafunzi, mwenye hijabu ya kijani, aliuliza kwa Kiswahili, akimtazama mama na si nesi, "Bibi, sisi tufanyeje tusikosee kama wenzetu?"

Nesi alifungua mdomo kutafsiri. Mama alimwekea mkono pajani kumzuia. Niliona anakusanya maneno, midomo inatembea kidogo, kama mtu anayevuka bondeni kwenye maji na kutafuta pa kukanyaga. Nilisogea mbele ya kiti changu, kwa mazoea, nikiwa na jibu zuri kabisa kinywani. Nikalimeza.

"Mkae chini," mama alisema kwa Kiswahili, na sauti yake haikuwa ya chini. "Mgonjwa akiwa amekaa, na nyie mkae. Mkisimama namna hiyo, mimi nasema haraka ili muende."

Wanafunzi walitazamana. Yule binti wa hijabu ya kijani ndiye aliyeanza. Aliweka daftari sakafuni akaketi juu ya saruji, mbele ya miguu ya mama. Wengine wakafuata mmoja mmoja, makoti meupe yakienea sakafuni. Daktari wetu naye aliangalia huku na huku, hakuona kiti, akaketi nao.

"Haya," mama akasema. "Ulizeni."